Moshi Mdogo, Deni Kubwa

Kila linapozuka suala la serikali zetu kudhibiti hewa ukaa, jibu huwa liko tayari. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayotokana na nishati duniani. Ulaya ilichoma makaa ya mawe kwa zaidi ya karne mbili ikatajirika, na leo ndiyo inayotukataza sisi tusiyachome. Basi tuacheni kwanza tujenge viwanda, tufue umeme kwa chochote kilichopo. Habari za hewa ukaa tutazizungumza tukishashiba. Hoja hii hutolewa bungeni, redioni, vyuoni na barazani, na watu wa vyama vyote huipigia makofi.

Nusu yake ya kwanza ni kweli tupu. Aliyeichafua anga si mkulima wa Rufiji wala mfugaji wa Turkana. Katika ukame wa misimu mitano mfululizo ulioikumba Pembe ya Afrika kati ya 2020 na 2023, Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2, na waliopoteza hawakuwa na kiwanda hata kimoja. Anayedai fidia kwa ajili yao anadai haki. Sitaki kusikia ikipunguzwa.

Ninachokipinga ni ile nusu ya pili, kwamba kwa kuwa moshi wetu ni mdogo, serikali zetu hazina sababu ya kuudhibiti. Hesabu ya asilimia 4 inatuambia nani ana hatia. Haituambii nani atalipa bili ya umeme, wala nani atabaki na deni mtambo ukishindwa kulipa, wala nani atavuta majivu. Hayo ndiyo maswali ya serikali, na mtu akiyajibu kwa uaminifu atagundua kwamba kudhibiti hewa ukaa hapa kwetu ni kulinda mfuko wa mwananchi kabla hata hatujafika kwenye suala la kuiokoa dunia.

Twende Lamu, maana pale kila kitu kilikuwa wazi.

Mwaka 2013 serikali mpya ya Kenya iliahidi kuongeza zaidi ya megawati 5,000 za umeme ndani ya miezi 40. Ahadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko mahitaji yenyewe. Hata mwaka 2019 matumizi ya juu kabisa ya umeme nchini humo yalikuwa takriban megawati 1,900. Ndani ya ahadi hiyo ndimo ulimozaliwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, uliokisiwa kugharimu dola bilioni 2 hivi, ujengwe Kwasasi, upande wa bara wa Lamu, kilomita kama 20 kutoka Mji Mkongwe ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Mtambo mmoja, zaidi ya nusu ya matumizi ya nchi nzima. Mwaka 2025 matumizi hayo ya juu yalivuka megawati 2,300, maana yake ongezeko la miaka sita lilikuwa karibu nusu tu ya mtambo huo mmoja. Nusu nyingine ingekaa ikisubiri wateja.

Na isingekaa bure. Mkataba wa kuuziana umeme ulikuwa wa miaka 25, wa aina ile ambayo mnunuzi halipii umeme alioupokea tu, bali hulipia pia mtambo kuwa tayari, utumike usitumike. Wachambuzi wa taasisi ya IEEFA ya Marekani waliupitia mwaka 2019 wakahesabu kwamba Wakenya wangelipa angalau dola milioni 360 kila mwaka hata kama mtambo usingetoa uniti moja. Kwa miaka 25 hiyo ni dola bilioni 9, kwa mtambo wa dola bilioni 2. Bei iliyonadiwa kwa wananchi ilikuwa senti 7.2 za dola kwa uniti; hesabu ya wachambuzi hao ilionyesha mara tatu na zaidi.

Sasa niulize: makaa yenyewe yangetoka wapi? Yale ya Bonde la Mui, Kitui, yalikuwa bado chini ya ardhi. Ya Lamu yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Kwa hiyo ile kauli ya "kutumia rasilimali zetu wenyewe" haikuwa na mahali pa kushika. Kenya ingenunua kwa fedha za kigeni kitu cha kuchoma, ilhali chini ya Olkaria mvuke wa jotoardhi umekuwa ukifua umeme tangu 1981, usiku na mchana, mvua na kiangazi. Nchi ambayo karibu asilimia 90 ya umeme wake hutoka kwenye mvuke, maji, upepo na jua ilikuwa inaombwa iingie kwenye utegemezi mpya ambao haikuwa nao.

Wavuvi na wakazi wa Lamu waliyaona haya mapema kuliko wataalamu wengi wa Nairobi. Walikuwa na ushahidi mlangoni kwao: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Walijua maana ya kuambiwa kwamba mradi mkubwa hautagusa mikoko wala matumbawe. Chini ya jumuiya ya Save Lamu walikwenda kwenye Mahakama Maalumu ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni iliyokuwa imetolewa na mamlaka ya mazingira, NEMA, mwaka 2016 ikafutwa. Sababu mbili za mahakama zinafaa kubandikwa ukutani katika kila wizara ya nishati. Ya kwanza, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliitwa kwenye mikutano kabla tathmini ya mazingira haijakamilika, kisha ilipokamilika hawakupewa nafasi ya kuijadili. Ya pili, tathmini haikuzingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Mtambo huo ulitarajiwa kutoa takriban tani milioni 8.8 za hewa ukaa kwa mwaka, kiasi cha kukaribia kuiongeza maradufu hewa ukaa ya sekta nzima ya nishati ya Kenya, na wenye mradi walitaka jambo hilo lipite bila kupimwa.

Kampuni yenye mradi ilikata rufaa na kesi ikaburutwa kwa miaka. Lakini Novemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijitoa, na mwaka uliofuata benki ya ICBC ya China nayo ikaondoka. Wenye fedha walikwisha kuona hesabu.

Hapa ndipo ninapowauliza wenzangu wa asilimia 4: katika kisa hiki, ni yupi aliyekuwa mtetezi wa Mwafrika maskini? Ni sheria ya kudhibiti hewa ukaa, iliyotungwa na bunge la Kenya, ikatumiwa na wavuvi wa Kenya, mbele ya mahakama ya Kenya. Hakukuwa na Mzungu aliyeilazimisha. Bila sheria ile, kila mwenye mita ya tokeni angekuwa leo anaukamua mfuko wake kulipia makaa ambayo hayajachomwa.

Wala Lamu si kisa cha pekee. Watanzania wa rika langu hawahitaji kuelezwa maana ya kulipia mitambo iliyolala. Mkataba wa IPTL ulitiwa saini mwaka 1995 kwa mtambo wa megawati 100 wa mafuta mazito pale Tegeta. Ugomvi wa malipo ya kuuweka tayari ukalivuta shirika la umeme la Tanesco mahakamani miaka nenda miaka rudi, ukazaa kashfa ya akaunti ya Tegeta Escrow, na mwishoni mwa 2014 ukalitikisa Bunge na kumwondoa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kabla ya kashfa hiyo kulikuwa na Richmond, mkataba wa dharura wa mitambo ya gesi wa mwaka 2006, mwaka wa ukame. Februari 2008 Waziri Mkuu alijiuzulu kwa sababu yake. Ghana nayo iliingia mikataba ya mitambo ya gesi na mafuta kwa pupa wakati wa mgao wa umeme, hata mwaka 2019 waziri wake wa fedha akaliambia bunge kwamba nchi inalipa zaidi ya nusu bilioni ya dola kila mwaka kwa umeme isiouhitaji. Rushwa inaweza kuingia popote. Ila inapenda zaidi mahali ambapo kuna mafuta ya kuagiza kila mwezi, dharura ya kutangaza, na malipo yanayotoka hata kama kazi haijafanyika.

Nitasikia: na ule mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, je, haukuitia Kenya hasara? Uliitia. Mitambo ya megawati 310 ilikuwa tayari kabla njia ya umeme haijafika, serikali ikatozwa faini ya mabilioni ya shilingi, na mwaka 2021 mahakama ikakuta kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kihalali. Siwezi kuuremba. Mkataba mbovu ni mbovu hata ukiwa wa upepo, na jamii za Marsabit zina haki ileile ya kusikilizwa kama wavuvi wa Lamu. Lakini tofauti moja haiwezi kufichwa. Faini ililipwa, njia ya umeme ikafika, na tangu hapo upepo hauagizwi kwa dola. Mtambo wa makaa ya mawe hukutoza unapojengwa, hukutoza ukilala, na ukiamka hukutoza zaidi.

Sasa hoja ya historia: walioendelea walianza na makaa ya mawe, nasi tupite njia hiyohiyo. Uingereza ilifungua kituo cha kwanza cha umeme wa makaa ya mawe kwa umma jijini London mwaka 1882. Ilichoma makaa yaliyokuwa chini ya miguu yake, yaliyochimbwa na watu wake, wakati ambapo dunia haikuwa na paneli ya jua wala mtambo wa kisasa wa upepo. Ilichagua kilichokuwa rahisi zaidi kwa zama zake. Kuiga uamuzi huo leo ni kukikimbia kilicho rahisi kwa zama zetu.

Na kama tunataka kujifunza kwa Uingereza, tusome na kurasa za mwisho. Mwaka 2012 karibu asilimia 40 ya umeme wake ulitoka kwenye makaa ya mawe. Mwaka 2013 serikali ikaanzisha tozo ya kaboni kwa wazalishaji wa umeme, juu ya ile bei ya kaboni ya soko la Ulaya. Miaka miwili baadaye ikaipandisha hadi pauni 18 hivi kwa tani. Mitambo ya makaa ikaanza kushindwa kushindana, mmoja baada ya mwingine. Tarehe 30 Septemba 2024 wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ukazimwa. Kazi ya miaka 142 ilimalizwa ndani ya miaka kumi na kidogo, kwa uamuzi wa serikali. Ni kweli kwamba umeme wa Uingereza ni ghali. Lakini kilichoupandisha mwaka 2022 ni gesi, Urusi ilipoivamia Ukraine na bei ya gesi ikapaa Ulaya nzima. Aliyefungwa kwenye mafuta na gesi ya kununua hufungwa pia kwenye vita vya watu asiowajua. Mwaka huohuo Tanzania ililazimika kutenga shilingi bilioni 100 kwa mwezi kama ruzuku ya mafuta. Hakuna mtu wetu aliyekuwa kwenye uwanja ule wa vita, lakini bili ilifika Kariakoo.

Anayetaka kuona mwisho wa njia ya makaa ya mawe ndani ya Afrika yenyewe aitazame Afrika Kusini. Nchi hiyo peke yake hutoa karibu theluthi ya hewa ukaa ya bara letu itokanayo na nishati, na takriban asilimia 80 ya umeme wake ni wa makaa yaliyochimbwa kwake. Kama makaa ya mawe ndiyo dawa ya giza, Afrika Kusini ingekuwa inang'aa. Mtambo wa Medupi ulianza kujengwa mwaka 2007. Aprili 2010 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola bilioni 3.75 kwa Eskom, shirika la umeme la nchi hiyo, sehemu kubwa ikiwa kwa ajili yake. Ulitangazwa kukamilika mwisho wa Julai 2021. Wiki moja tu baadaye, sehemu yake ya nne ililipuka. Mwaka 2023 Waafrika Kusini walipata mgao wa umeme mbaya kuliko mwaka wowote waliowahi kuuona, na hazina ya serikali ikabebeshwa randi bilioni 254 za madeni ya Eskom. Hizo ni shule ambazo hazikujengwa. Hayo ni maji ambayo hayakufika mabombani.

Serikali ya Pretoria ilikuwa na chombo cha kudhibiti. Juni 2019 ilianzisha kodi ya kaboni ya randi 120 kwa tani, kisha ikaipunguza kwa misamaha ya asilimia 60 hadi 95, hata baadhi ya wachafuzi wakubwa wakalipa randi chache tu kwa tani. Waliokuwa wakililia unafuu walikuwa makampuni makubwa, nao walijua kuzungumza kwa jina la maskini.

Na hili la maskini linahitaji kusemwa kwa uangalifu, kwa sababu ndilo lenye uzito. Wananchi wana haki ya kuishuku kodi yoyote inayopewa jina la mazingira. Ufaransa mwishoni mwa 2018 ilipanga kupandisha kodi ya mafuta kwa dereva wa kijijini asiye na basi wala treni, baada ya kuwapunguzia matajiri kodi yao. Watu wakajaa barabarani na serikali ikarudi nyuma. Muswada wa Fedha wa Kenya wa 2024 ulikuja na tozo ya mazingira iliyohofiwa kugusa hata nepi na taulo za kike. Walioupinga hawakuwa maadui wa mazingira. Walikataa kukamuliwa. Kudhibiti hewa ukaa hakuanzii kwa mama ntilie. Kunaanzia kwenye meza ambako mitambo ya megawati mamia inatolewa leseni, kwenye vibali vya uagizaji, kwenye mikataba ya robo karne. Serikali inayomtoza mwenye bodaboda na kumsamehe mwenye mtambo haijadhibiti chochote.

Kwa sababu hiyohiyo sina ugomvi na mtungi wa gesi jikoni. Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na gesi ya mitungi ni sehemu kubwa ya mkakati huo. Gesi hiyo ni ya kisukuku, naam. Lakini mwanamke anayeacha kupuliza kuni akiwa na mtoto mgongoni anaokoa mapafu ya watu wawili na msitu, na anayemkataza hana huruma. Kati ya mtungi wa kilo 6 na mtambo wa kusindika gesi ya kusafirishwa ng'ambo kuna umbali mkubwa, na tusikubali wa pili ujifiche nyuma ya wa kwanza. Hoja za jikoni zitumike jikoni.

Biashara ya kaboni nayo isiitwe udhibiti. Kuuza hati za kaboni za misitu ili kampuni ya mbali iendelee kutoa moshi wake kunaweza kuleta fedha vijijini, na fedha hizo zikifika kweli nitazifurahia. Hazipunguzi tani hata moja kwenye mitambo yetu.

Wako wanaodai kwamba kujizuia ni anasa ya nchi tajiri. Ethiopia si tajiri. Januari 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari ya petroli na dizeli, na sababu iliyotajwa wazi ilikuwa fedha za kigeni zinazoteketea kwa mafuta ilhali nchi ina umeme wa maji. Rwanda si tajiri. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria Kigali zinasajiliwa za umeme tu. Treni ya umeme inayotoka Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024 haikujengwa ili kuifurahisha Brussels. Serikali hizi zimetazama bili zao za mafuta zikafanya uamuzi. Kwamba hewa ukaa inapungua pia ni faida juu ya faida.

Ninakubali jambo moja bila kuzungushana: hata tukizima kila jenereta kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, mvua hazitarudi kwenye ratiba yake kwa sababu yetu. Mabadiliko makubwa lazima yafanywe na Marekani, China, Ulaya, India na Ghuba. Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi wakaitaka dunia ianzishe kodi ya kaboni ya kimataifa. Lilikuwa dai sahihi. Lakini kiongozi anayedai hivyo jukwaani kisha akarudi ofisini kutia saini mtambo wa makaa ya mawe amewapa wakubwa sababu ya kutomsikiliza, na wao walikuwa wanaitafuta.

Kwa hiyo wabunge wa Nairobi, Dodoma na Kampala nawaomba mambo ambayo hayahitaji msaada wa nje. Mkataba wowote wa kununua umeme usitiwe saini kabla haujawekwa hadharani, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zinazosomwa na wanaolipa. Malipo ya mtambo uliolala yatajwe kwa shilingi, mwaka kwa mwaka, kabla ya kura kupigwa. Tathmini ya mazingira isiyohesabu tani za hewa ukaa irudishwe kwa mwenyewe. Na wakati mwingine waziri atakaposimama kuwaambia kwamba sisi tunachangia asilimia 4 tu, mbunge mmoja ainuke amwombe aweke mkataba mezani.